Mstari wa Tatu

Jumatatu, 1 Septemba

Mvua. Daktari ameniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja, kwa kuwa tangu Reino afariki mwezi Machi sili wala silali vizuri. Nikamwambia mimi ni katibu wa usharika, naandika mchana kutwa. "Andika ya kwako, si ya kanisa," akasema. Haya. Ya kwangu ni kwamba nimechoka.

Jumanne, 2 Septemba

Barua ya dayosisi imefika. Kuanzia mwezi wa kwanza usharika wetu wa Kuivasalmi unaunganishwa na ule wa mjini, na ofisi inafungwa. Mimi nitastaafu, na Onni, mtunza kanisa na makaburi, naye atastaafu. Kompyuta, barua imesema, "itaondolewa". Mimi na Onni angalau tumeshukuriwa.

Kompyuta hiyo ni kazi ya mume wangu. Reino alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, lakini mikono yake ilipenda waya kuliko kinanda. Usharika haukuweza kununua kompyuta tatu, basi akaingiza mifumo mitatu ndani ya mashine moja. Ukiiwasha, mistari mitatu inatokea kwenye kioo na unapewa sekunde kumi za kuchagua. Mstari wa kwanza ni wa ofisi: barua, rejista, matangazo ya Jumapili. Wa pili ni wa kengele, zinazopigwa kwa waya unaopanda mpaka mnarani. Wa tatu ni mfumo wa zamani kuliko yote, nao ulikuwa wa Reino, wa shughuli zake za jioni. Ukichelewa kuchagua, mashine inakupeleka wa kwanza. Mifumo yenyewe haijuani. Kila mmoja unadhani ndio mwenye nyumba.

Wa kwanza natumia kila siku, wa pili siku za ibada na mazishi. Wa tatu sijaugusa tangu Machi.

Jumanne, 9 Septemba

Onni ameng'oa mawe saba ya makaburi ya safu ya kumi na nne. Muda uliolipiwa makaburi hayo umekwisha na hakuna ndugu aliyejibu barua. Orodha niliitengeneza mimi mwezi Mei. Ameyapanga mawe nyuma ya ghala na kulalamikia mgongo.

Alhamisi, 11 Septemba

Supu ya njegere, kama Alhamisi zote. Mvua.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo sina raha kabisa, na nitaandika ni kwa nini.

Saa tano asubuhi alikuja Bibi Elvi Saukkola, yule anayekaa peke yake karibu na daraja. Alisimama mlangoni maji yakimtiririka kwenye kofia, akasema, "Samahani kwa usumbufu." Huku kwetu hakuna aingiaye ofisini bila maneno hayo. Naamini hata malaika akija kuwachukua watu wa Kuivasalmi, ataombwa radhi kwanza.

Tukazungumzia viazi, jinsi vilivyooza shambani mwaka huu. Tukazungumzia daraja. Nusu saa ikapita, kahawa ikaisha, naye bado hajavua kofia. Mwisho akasema, "Nasikia mnafunga."

"Tunafunga, Bibi. Mwisho wa mwaka."

"Basi bora niulize sasa."

Akauliza huku akiitazama meza. Februari 1959 alijifungua mtoto wa kike, na mtoto hakulia. Muuguzi alimfunga kitambaa, akatoka naye. Desturi ya siku hizo ilikuwa kwamba mtoto wa namna hiyo hachimbiwi kaburi lake. Alilazwa pamoja na mtu yeyote aliyezikwa wiki ile, na mama haambiwi ni nani. Elvi alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mumewe alimwambia aache, yaishe.

"Nikaacha. Baadaye nilitaka kuuliza, nikaona haya, kwa sababu sikuuliza mapema. Na kadiri miaka ilivyokwenda, haya ikazidi." Akafuta maji mezani kwa mkono wa koti lake. "Kila Siku ya Watakatifu Wote nawasha mshumaa pale kwenye jiwe la kuwakumbuka waliozikwa kwingine. Lakini mwanangu hakuzikwa kwingine, mama. Yuko humuhumu."

Nilitafuta kwenye rejista, mstari wa kwanza. Hakuna kitu. Watoto hao hawakuandikwa popote.

"Hayumo, Bibi," nikamwambia.

"Asante. Samahani kwa usumbufu," akasema, na akatoka.

Sasa ukweli. Mkono wake ulipogusa kitasa, nilikumbuka madaftari ya mchimba makaburi wa zamani, mzee aliyeandika kila alichokifukia, hata mbwa wa mchungaji. Bomba lilipasuka kwenye ghorofa ya chini miaka mitano iliyopita na madaftari yakaharibika yote. Lakini kabla ya hapo Reino alikuwa akiyanakili jioni baada ya jioni, kwenye mstari wa tatu. Nilikumbuka yote hayo na Elvi hajafika hata kwenye ngazi. Nikamwacha aende. Sikutaka kufungua mle alimokuwa Reino. Ndiyo sababu, na ni sababu ya aibu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua. Sikufanya kitu.

Jumamosi, 27 Septemba

Kengele za saa kumi na mbili jioni zimelia vizuri. Majani yote ya mti wa mbele ya ofisi yamekwisha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimejaribu. Mistari mitatu ikatokea, nikashuka mpaka wa tatu, nikabonyeza. Mashine ilinguruma kama mzee anayeamshwa, kisha ukaja ule ukurasa wa kijani wa zamani, wenye picha ya ziwa aliyoiweka Reino. Halafu basi. Kibodi haikufanya kazi, kipanya nacho kimya. Vyote viwili nilivinunua mwezi Mei, baada ya kumwagia kahawa vile vya zamani, na mfumo ule ni mkongwe mno kuvitambua.

Nilizima mashine kwa kitufe. Nilipata nafuu, kwa kweli. Nilijiambia nimejaribu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekutana na Elvi dukani, mbele ya maziwa.

"Mvua hii!" akasema.

"Mvua kweli," nikasema.

Hakuuliza kitu kingine. Nami sikusema kitu kingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimechapa orodha ya waliofariki mwaka huu, watakaosomwa majina kanisani Siku ya Watakatifu Wote, kila mmoja na mshumaa wake. Wako kumi na tisa. Reino ni wa saba. Nililichapa jina lake sawasawa na ya wengine, halafu nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumanne, 21 Oktoba

Theluji iliyochanganyika na mvua. Haitui chini, haiondoki.

Jumapili, 26 Oktoba

Ee Mungu wangu, siku ya leo.

Usiku saa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila Oktoba. Ya jikoni niliirudisha mwenyewe. Ya kompyuta, Reino alinizoesha kwamba inajirudisha yenyewe. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiamka alfajiri ya siku hii kwenda kuisahihisha, na hakuwahi kuniambia.

Niliwasha mstari wa kwanza nichape matangazo. Mfumo ukaamka, ukakumbuka msimu umebadilika, ukarudisha saa. Vizuri. Kisha nikazima na kuwasha wa pili kwa ajili ya kengele. Nao ukaamka, ukakumbuka msimu umebadilika, ukarudisha saa tena. Haukumwuliza mwenzake. Ungewezaje, wakati haijuani? Basi mashine ikawa inaamini ni saa tatu asubuhi, na waumini wamekwisha kukaa wakingojea ibada ya saa nne.

Kengele hazikulia. Onni alinitazama kutoka mlangoni. Yeye alidhani nina sababu. Mimi nilidhani yeye ana habari. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Mchungaji Sanna-Kaisa akaanza ibada bila kengele.

Saa tano kamili, yuko katikati ya mahubiri, mnara ukalipuka. Kengele zote mbili, kwa nguvu zote, na programu ikishaanza haikatizwi, inapiga dakika kumi. Nilikimbia ua mzima kwenye tope na viatu vya kanisani nikaenda kuchomoa waya ukutani. Niliporudi nimeloa hadi magotini, watu walikuwa wakitazama vitabu vyao vya nyimbo kwa bidii kubwa.

"Leo mahubiri yameitikiwa kutoka juu, shemeji," Onni akanong'ona.

"Nyamaza wewe."

Baada ya ibada mchungaji aliniita pembeni. Ni msichana mzuri, anahudumia sharika tatu, na macho yake yana weusi kwa kukosa usingizi. "Mama Tuovi, yaliyopita si ndwele. Lakini mashine yenye vichwa vitatu hatuiwezi tena. Wiki hii tunazika mara mbili, na Jumamosi ndiyo Watakatifu Wote. Nimempigia fundi wa mjini. Anakuja Ijumaa, abakishe mfumo mmoja, hiyo mingine aifute."

"Sawa, Mchungaji," nikasema.

Nilisema sawa! Nilikuwa nimefika nyumbani, nimevua soksi, ndipo nilipoelewa nimekubali nini. Wakifuta mstari wa tatu, mtoto wa Elvi amepotea mara ya pili, na safari hii aliyempoteza ni mimi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemwambia Onni kila kitu, ghalani, tumekaa juu ya magunia ya mchanga. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya yai.

"Wiki tano umekaa na jambo hili?"

"Wiki tano na nusu."

"Na shida ni kibodi tu?"

"Kibodi ya zamani, yenye plagi ya mviringo. Ile yetu niliitupa."

Onni akainuka, akaenda kwenye dirisha la ghala, akavuta kitu kilichokuwa kimelizuia lisijifunge. Dirisha likaanguka kwa kishindo. Alichoshika mkononi kilikuwa kibodi, imejaa vumbi na utando wa buibui, plagi yake mviringo.

"Imetoka wapi?"

"Mumeo aliitupa mwaka ule bomba lilipopasuka. Mimi situpi kitu kizima."

"Onni, ningekuuliza mapema..."

"Ungeuliza, ndiyo. Kuuliza si ujinga. Lakini nyinyi wawili, wewe na Reino, mlikuwa radhi mtembee hadi mjini kwa miguu kuliko kumwuliza mtu barabara."

Jioni nilitambaa chini ya meza kuichomeka, mashine ikiwa imezimwa kama inavyotakiwa. Onni alisimama juu yangu na taa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akajichekea mwenyewe. Nilitoka nina vumbi hadi kwenye nyusi. Mgongo unauma, kesho nitawasha.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimewasha saa mbili asubuhi. Mstari wa tatu. Ziwa la Reino. Na mfumo huo nao, baada ya kuamka, ukarudisha saa. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikafanya kazi.

Programu yake ni ya herufi tupu, nyeupe juu ya buluu, unasogea kwa mishale. Amenakili kila kitu. Watoto wale wako arobaini na mmoja, kuanzia 1934 hadi 1967. Kila mmoja ana tarehe, jina la ukoo wa mama, na mahali palipoandikwa "Pamoja na". Sikujua kama alikuwa na subira ya namna hiyo. Nyumbani hakuweza hata kukunja shuka.

Nilimfikia kabla ya chakula cha mchana.

"17 Februari 1959. Mtoto wa kike. Saukkola. Pamoja na: Eevert Lampinen. Safu ya 14, kaburi la 6."

Safu ya kumi na nne. Nilifungua droo nikatoa orodha yangu ya Mei, ingawa sikuwa na haja, kwa kuwa jina nilishalitambua. Lampinen, hana jamaa, barua haikujibiwa, jiwe liondolewe. Sahihi yangu. Jiwe lake ni moja ya yale saba yaliyolala nyuma ya ghala. Kwa mkono wangu mwenyewe niling'oa alama pekee ya mahali alipo mtoto yule, kisha nikamwambia mama yake hayumo.

Chini ya kila jina kuna mahali pa maelezo. Kwa wengine Reino hakuandika kitu, au ameandika "Mama amefariki." Kwa huyu ameandika hivi:

"Mama yuko hai. Hajauliza."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi leo. Alijua! Mume wangu alijua, sijui kwa miaka mingapi. Kila Jumapili alimpigia Elvi kinanda, akampa mkono mlangoni, akamwuliza habari za viazi. Alilala kitanda kimoja nami na hakuniambia. Hajauliza! Mtu anazama, unasimama ufukweni kumngoja aombe kamba?

Nimemkasirikia Reino kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa hai. Na sina wa kumfokea, isipokuwa picha ya ziwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Nilipomwambia Onni kuhusu jiwe, hakutania. Alivaa glavu tu.

"Nitalirudisha leo."

"Mgongo wako?"

"Mgongo ni wangu, shemeji. Wewe nenda kwa bibi."

Nilikwenda kwa miguu ili nichelewe. Elvi alifungua mlango na aproni ya unga, nyumba nzima ikinukia mkate mtamu wa iliki. Nikasema, "Samahani kwa usumbufu," na nikaichukia sauti yangu.

"Bibi, nimempata."

Alivua aproni. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kiti, kisha akaketi juu yake bila kujua.

"Yuko na nani?"

"Na Eevert Lampinen."

"Lampinen wa kinu cha mbao?" Jiko lilikuwa likilia taratibu. "Alikuwa mtu mpole yule. Hakuoa. Mfukoni alikuwa na peremende, akitugawia tulipokuwa watoto." Akatazama dirishani. "Basi hakulazwa pamoja na mtu mbaya. Nilikuwa naogopa hilo. Miaka yote nilikuwa naogopa hilo."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaoishia hapo, mimi nikiwa wa kwanza wao. Nikamwambia habari ya jiwe. Nikamwambia pia kwamba siku ile alipokuja, nilikumbuka pa kutafuta kabla hajafunga mlango.

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua pa kutafuta. Nilinyamaza."

"Wiki sita."

"Wiki sita, Bibi."

Alinitazama, na nilingoja anifukuze. Ningefurahi kama angenifukuza.

"Mimi miaka hamsini na mitano," akasema. "Kunywa kahawa, mwanangu, inapoa."

Ya Reino sikumwambia. Sikuweza. Hilo nalo naliandika hapa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nanakili kwa mkono. Mfumo wa tatu hauijui printa, na kesho fundi anafuta. Wote arobaini na mmoja lazima niwatoe, kwa kuwa huenda kuna mama mwingine anayeona haya. Nimefika wa thelathini na tatu. Vidole vimekakamaa. Supu ya njegere nimeila baridi, kalamu mkononi.

Ijumaa, 31 Oktoba

Fundi anaitwa Joonatan, ana ndevu nyekundu na viatu visivyofaa tope letu. Alinikuta kwenye mtoto wa arobaini.

"Unaandika nini, mama?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na haraka, maana nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba akikataa kungoja nitaikalia mashine. Alisikiliza, mdomo ukafunguka.

"Mama, kwa nini hukunipigia? Diski yote hii naweza kuinakili kwa dakika ishirini. Yote. Na hiyo picha ya ziwa."

Nilitazama karatasi zangu kumi na moja. Nilitazama mkono wangu. "Sikutaka kukusumbua," nikasema.

Onni, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika mgongo. Nami nikacheka. Sijui lini nilicheka hivyo mara ya mwisho. Joonatan alicheka kidogo kwa adabu, bila kujua anacheka nini, maskini.

Alitia nakala kwenye kidude kidogo kama sanduku la kiberiti, akanikabidhi, na nyingine akasema ataipeleka kwa mtunza nyaraka wa dayosisi. Kisha akasema, "Sasa nifute?"

"Ngoja dakika tano. Halafu unakili tena."

Niliwasha mstari wa tatu mara ya mwisho. Nikashuka kwa mishale hadi 17 Februari 1959. Sikufuta maneno ya Reino. Niliongeza chini yake: "Mama ameuliza. Ameambiwa tarehe 29 Oktoba." Nikakaa kidogo mbele ya kioo, kisha nikaendelea kuandika: "Reino, mtu hangojwi mpaka aulize." Najua ni rejista ya usharika. Wakija kunikemea waje, nastaafu.

Saa nane mchana mashine iliwaka bila mistari yoyote, moja kwa moja ofisini. Programu ya kengele Joonatan amesema ataiingiza humo wiki ijayo. Kesho Onni atapiga kwa kamba.

Jumamosi, 1 Novemba. Siku ya Watakatifu Wote

Hakuna mvua. Baridi kavu, ya kwanza mwaka huu.

Saa nane majina yalisomwa kanisani. Reino wa saba. Mchungaji alilisoma polepole na mimi nikainuka pale majirani zangu walipoinuka kwa ajili ya watu wao. Mshumaa wake niliuwasha kwa njiti ya pili ya kiberiti, ya kwanza ilivunjika.

Baadaye, giza lilipoanza kuingia na makaburi yote yamejaa taa, nilimshika Elvi mkono tukaenda safu ya kumi na nne. Onni alikuwa amelirudisha jiwe, limenyooka kabisa, na mbele yake ametandaza matawi ya msonobari kama anavyofanya kwa wafiwa wapya. Alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi.

Elvi hakulia. Alipiga magoti taratibu, akaweka mshumaa, akauwasha mara moja tu. Kisha akaliambia jiwe jambo ambalo sikulisikia wala sikutakiwa kulisikia. Alipomaliza tulimwinua, mimi upande huu, Onni upande ule.

"Leo mshumaa umekaa mahali pake," Onni akasema, akiutazama mshumaa. "Nilikuwa nafikiri mwaka huu Lampinen atakuwa gizani."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Si Reino hayupo? Ndiye aliyekuwa akimwashia. Kila mwaka, baada ya ibada, kabla hajarudi nyumbani. Nilidhani ni jamaa yenu kwa mbali, na ulipoliorodhesha jiwe lake nikadhani una sababu."

"Hatuna jamaa Lampinen."

"Basi mimi sijui. Sikuwahi kumwuliza."

Kila mwaka siku hii Reino alichelewa kurudi, na mimi nilikuwa nikimnunia kwa sababu ya chakula kilichopoa. Alikuwa akisema anafunga kinanda. Kinanda kinafungwa kwa dakika mbili. Nilisimama hapo na hasira yangu yote ya wiki nzima, na sikujua niiweke wapi. Bado ninayo. Alipaswa kumwambia. Lakini mtoto hakukaa gizani, na hilo nalo ni kazi yake.

Nikamwambia Elvi, hapohapo, kabla haya haijanirudia: kwamba Reino alijua, aliandika kwamba hajauliza, na akanyamaza.

Elvi aligeuka akatazama ng'ambo, kule kwenye jiwe la waliozikwa kwingine, alikosimama miaka hamsini na mitano.

"Pale nilipokuwa nasimama, mshumaa wa Lampinen unaonekana," akasema. "Nilikuwa nauona kila mwaka. Nilikuwa nikisema moyoni, heri huyo, ana mtu."

Kisha Onni akatazama saa yake ya mkononi, akasema inakaribia kumi na mbili, akaenda kupiga kengele.